Redio Iliyosema "Vizuri Sana"

Kishikwambi cha mjukuu wangu kina sauti ya mwanamke mchangamfu. Mtoto akigusa jibu, sauti inasema, "Hongera!" Juzi niliisikia nikiwa jikoni, vitunguu vikaniungulia, nikajikuta mtaani Jericho, darasa la pili, mbele ya redio ya shule.

Redio ile ililetwa kutufundisha, na Mwalimu Wairimu, aliyezeeka na chaki mkononi, aliiogopa kama mkaguzi. Mwalimu mkuu alikuwa ameonya kwamba kipindi kisikatizwe. Basi ikisema, "Hamjambo, watoto?" tulisimama sote, naye Mwalimu pamoja nasi: "Hatujambo, mwalimu!" Kisha alirudi kwenye kona, mikono nyuma, akawa mgeni katika darasa lake mwenyewe.

Mimi niliipenda. Mama alikuwa amerudi Busia na mdogo wangu kulima, akaahidi kuja baada ya mavuno. Mavuno yakapita. Baba alirudi kutoka kiwandani Industrial Area akiwa amechoka hata kuongea. Watoto wa mtaa nao walicheka matamshi yangu ya kijijini: "Huyu wa ushago anasema nini?" Nikanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Changu hakikuwa na mshindo wowote, kilikuwa upweke mtupu.

Lakini redio iliuliza swali, ikangoja kidogo, halafu ikasema, "Vizuri sana!" Nilikuwa nikiijibu kwa kunong'ona, na niliamini kwa moyo wote kwamba inanisikia.

Siku moja ikauliza, "Mama yuko wapi?"

Wenzangu wakaimba jibu la kwenye picha ya kitabuni: "Mama yuko jikoni!" Mimi nilidhani hatimaye naulizwa mimi. Walipotulia nikasema kwa sauti, "Mama yuko Busia. Hajarudi."

"Vizuri sana!" ikasema redio kwa furaha. "Sasa tuimbe."

Darasa likaangua kicheko. Nililia, kwa sababu nilielewa kwamba siku zote hizo hakuna aliyekuwa akinisikia.

Mwalimu Wairimu akatoka kwenye kona yake, akaizima redio katikati ya wimbo. Nikajua nitachapwa, lakini aliketi kwenye dawati langu.

"Nekesa, Busia sehemu gani?"

"Nambale, mwalimu."

"Na mama alikuambia nini akiondoka?"

Nikaanza kueleza, maneno yakinikwama, naye akangoja kila moja.

Tangu siku hiyo alisimama kando ya redio, mkono kwenye swichi. Ikiuliza swali, aliizima hadi tumjibu yeye. Tulikosa nusu ya kila kipindi, na mwalimu mkuu alimfokea mara nyingi.

Mama hakurudi. Nilichukua miaka kukubali, lakini sasa naona Mwalimu alijua hilo siku ile ile. Nilipomaliza kueleza, hakuniambia kwamba mama atakuja. Aliniuliza ni nani anayenipikia jioni.