Fundi Baridi na Mashine Iliyochemka

Kwa miaka ishirini na mitatu Fundi Baridi alitengeneza friji, na jina lake alilipata huko. Alizibeba kupanda ngazi, akazibeba kushuka ngazi, mpaka mgongo ukasema basi. Mwaka jana akahamia kwenye kompyuta kwa hoja moja tu, kwamba hazina uzito. Alijifunza kwa kuzifungua, kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuuliza maswali bila haya hata kwa watoto wa shule. Hata hivyo uchovu wa friji haukumwacha. Alihama nao.

Saa mbili asubuhi, kabla hajamaliza chai, kompyuta ileile ikawekwa mezani kwake kwa mara ya nne.

Ilikuwa ya mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa, mchoraji wa majengo. Fundi ndiye aliyemuuzia, na ndiye aliyeichochea: aliingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, akailazimisha prosesa, ubongo wa mashine, ikimbie kupita mwendo aliopanga mtengenezaji. "Hii itazipita mpya za dukani," alisema siku ile mbele ya ukoo mzima. Na kweli ilizipita, kwa dakika kumi na tano hivi. Kisha ikazima.

"Shikamoo Mjomba," mpwa alisema, akajikalia kwenye stuli bila kungoja kukaribishwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Marahaba mwanangu. Imezima tena?"

"Mara tano tangu jana. Ya sita sikuiwasha, niliiogopa."

Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo alitakiwa kukabidhi picha za zahanati mpya kwa kamati ya ujenzi, na hakuna hata moja iliyokamilika; kompyuta huchukua saa nyingi kuzitengeneza kutokana na michoro yake. Asipozifikisha, kazi ingekwenda kwa mchoraji mwingine. Miaka minne alikuwa akichora kazi zinazotoka kwa majina ya watu wengine. Hii ingekuwa ya kwanza yenye jina lake.

Upande wa pili wa chumba, Bi Sindano, mshonaji aliyepanga chumba hicho pamoja na Fundi, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alisema.

"Hukuulizwa, Bi Sindano."

"Ndiyo maana nasema bure."

Fundi akaanza upya. Akafungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, maana alilipuliza juzi. Akang'oa feni ya prosesa, akafuta dawa ya kupoozea iliyokauka kama lami, akapaka nyingine, tone lisilozidi punje ya mchele. Prosesa yenyewe si kubwa kuliko biskuti, lakini ikishughulika inaweza kumbabua mtu kidole. Akabadili pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme. Akachomoa memori zote na kuzirudisha mojamoja. Kisha akawasha, kasha likiwa bado wazi, mpwa akaanzisha picha moja. Joto lilipanda hadi nyuzi themanini na tatu, likatulia hapo. Dakika ishirini zikapita.

"Kama imepona," mpwa alinong'ona, utadhani mashine ingemsikia ikabadili nia.

Fundi akarudisha ubavu, akakaza skrubu. Nyuzi tisini. Tisini na tano. Tisini na tisa. Dakika ya tisa skrini ikawa nyeusi.

Cherehani ikanyamaza. "Ikiwa uchi inafanya kazi, ikivaa inazimia," Bi Sindano alisema taratibu. "Mimi nguo ikimbana mteja huwa naiachia."

Fundi alifungua tena skrubu, na mpwa akapitisha kidole kwenye ukingo wa kasha.

"Mjomba, huu mpira ni wa nini?"

"Upi?"

"Huu mweusi, umezunguka kote. Na huku nyuma kwenye matundu umejaza sponji."

"Ni mpira wa mlango wa friji. Niliuweka ili baridi ya feni isitoro..."

Akaishia hapo. Maneno yalikuwa yamemponyoka, na sasa ni kama yamesimama katikati ya chumba, wote watatu wanayatazama. Friji huzibwa ili baridi ibaki ndani. Kompyuta haina baridi ya kubakiza. Ina joto, na joto linatafuta mlango. Mikono yake ilifanya kazi iliyoizoea, haikumuuliza mwenyewe.

Bi Sindano alianza kucheka chinichini, akaacha alipoona mpwa hacheki.

"Mara nne nimeileta, Mjomba. Mara tatu ukaniambia ni umeme wa kwangu."

"Nilikuambia."

"Nikanunua kidhibiti umeme."

"Najua, mama."

Akabandua mpira, akatoa sponji, akawasha tena. Safari hii joto halikufika tisini. Lakini baada ya dakika ishirini na tano skrini ikageuka bluu na picha ikapotea. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Kuna jambo jingine. Ule mwendo nilioongeza. Prosesa inakimbia mpaka inakosea hesabu zake yenyewe. Nikiurudisha kama ulivyokuwa, itatulia."

"Na picha zote zitachukua muda gani?"

"Saa sita. Kwa mwendo wangu ingekuwa nne."

"Ingekuwa," mpwa alisema. Akatazama saa. Ilikuwa saa nne na nusu. "Saa kumi na nusu, basi. Nikitoka hapohapo, nawahi. Ikizima katikati, sina tena muda wa kuanza."

"Haitazima."

"Ulisema hivyo mbele ya ukoo."

"Siku ile nilijigamba. Sikuwa nimeijaribu hata saa moja. Leo siiongezi kitu. Naiacha ifanye ilichoumbiwa."

Mpwa akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hakuwa na jingine.

Fundi akaurudisha mwendo wa zamani, mpwa akaanzisha picha upya. Ikawa kusubiri. Mpwa alilala juu ya rundo la vitambaa vya Bi Sindano, mdomo wazi. Wateja wawili walikuja, Fundi akawaambia warudi kesho. Alikaa mbele ya ile namba ya joto kwenye skrini akiitazama: sitini na nane, sabini, sitini na tisa. Chakula cha mchana kilipoa pembeni. Hakuthubutu kugusa hata meza.

Saa kumi na dakika thelathini na tano picha ya mwisho ikatimia. Mpwa akanakili zote kwenye flashi, akaenda mbio bila kuaga. Saa kumi na moja na robo simu ya Fundi ikaleta ujumbe wake: *Wamepokea. Kesho nakuja kuchukua mashine. Ubavu uache wazi.*

"Amewahi," Fundi alisema, akapumua.

"Ashukuriwe Mungu," alisema Bi Sindano, akikata uzi kwa meno. "Na zenye mpira umeuza ngapi?"

Fundi alihesabu kimoyomoyo, akahesabu tena akitumaini zitapungua.

"Sita."

Akavuta daftari la wateja, akapiga namba ya kwanza.

"Habari za jioni, mwalimu. Ile kompyuta yako huwa inazima?" Akasikiliza kwa muda mrefu, macho ameyafumba. "Hapana, usiilete. Kosa ni langu. Niambie tu uko nyumbani saa ngapi, nije na bisibisi."