Mama wa Viazi Visivyo na Maziwa

Tulikuwa watu kumi kaburini. Mchungaji na mke wake, mwenye nyumba aliyempangisha marehemu, jirani aliyemuuguza wiki tatu za mwisho, mzee aliyekuwa akimuuzia mkaa, wachimbaji wawili wa zamani ambao sasa wanatembea kwa fimbo, mdogo wake wa kiume aliyefika asubuhi hiyo kutoka Makete baada ya siku mbili njiani, dereva wa pikapu iliyobeba jeneza, na mimi. Habari za kifo nilizipata Jumanne kwa simu ya yule jirani, nikiwa namenya viazi. Alhamisi tukamzika hapa hapa Tarime, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshasema akifa asisumbuliwe na safari. Ibada ilikuwa fupi. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mpishi, akatafuta la kuongeza, kisha akafungua kitabu cha nyimbo.

Ni kweli alikuwa mpishi, na wasomaji wa safu hii waliowahi kupita kwenye mgahawa wangu wamekula mapishi yake bila kujua. Mara kwa mara napata ujumbe wa mtu anayeuliza viazi vyangu vya kuponda vinakuwaje laini namna ile wakati nimeapa kwamba havina maziwa wala siagi. Wengine huamini nawaficha. Wanaotoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambako viazi hupondwa pamoja na mahindi na majani, huuliza hivyo viko wapi, wakidhani ni chakula chao kilichokosewa. Leo nitawajibu wote, maana ufundi huo haujawahi kuwa wangu. Chagua viazi vikavu vya unga, siyo vile vyenye majimaji. Vikate vipande vinavyolingana, vianze kuchemka kwenye maji baridi yenye chumvi, na vikiiva usimwage yale maji. Yakinge kwenye bakuli, kisha rudisha sufuria kwenye mkaa dakika moja ili mvuke utoke. Viponde vikiwa vya moto, kwa mwiko, ukivikandamiza ukutani mwa sufuria. Ukivitwanga kwenye kinu vitavutika kama gundi na hakuna wa kuvirudisha. Karanga mbichi ziwe zimelala kwenye maji usiku kucha, zimetolewa maganda na kutwangwa, kisha ukamue tui lake kwenye kitambaa safi ukitumia yale maji ya viazi, ulichemshe mpaka harufu ya ubichi iishe. Tui hilo unalimimina kidogo kidogo huku unapiga kwa mwiko. Mwisho tia kijiko cha mafuta ya alizeti yaliyokaangiwa kitunguu, kitunguu chenyewe ukitoe. Ni hayo tu. Kazi iko kwenye mkono unaopiga, na mkono hauruhusiwi kuchoka kabla ya viazi kulainika.

Yeye alifikia mapishi hayo kwa shida ya kawaida. Alimfuata mume wake kwenye machimbo ya dhahabu huku kwetu, mume akaendelea na safari zake kwenye machimbo mengine, yeye akabaki na banda la chakula. Kwao Makete viazi ni chakula cha kila siku, lakini kule machimboni maziwa aliyoletewa asubuhi yalikuwa yameganda kabla ya saa sita. Karanga hazigandi. Wachimbaji walimtania sana. Walimuuliza kama leo amewapikia chokaa, na kama wakimaliza kula wapake iliyobaki kwenye kuta. Aliwajibu kwamba nyumba zao ni za maturubai, wakitaka kupaka chokaa waanze kwa kujenga ukuta. Kisha waliongeza sahani ya pili.

Mimi nilikuwa nampelekea kuni. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nimeacha shule darasa la sita, na wazazi wetu wote wawili walikuwa wamefariki ndani ya mwaka mmoja. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Wadogo zangu wawili wa kiume walikuwa wameshafikia umri wa kuchunga na hakuna aliyewahofia. Hofu ilikuwa kwa wa mwisho, msichana wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto yule hakuweza maziwa. Akinywa, yawe ya kuchemsha au ya mgando, midomo ilivimba, ngozi ikatoka mabaka, kisha akatapika mpaka akalegea. Muuguzi wa zahanati aliniambia maziwa yasimkaribie kabisa, kwamba siku moja yangeweza kumziba koo. Jambo hilo ni gumu kulieleza kwenye boma lenye ng'ombe. Watu walisema mtoto anakataa maziwa ya baba yake. Walisema kuna kitu hakikufanywa alipozaliwa. Ndugu walikutana, baba mdogo akitoka Nyambureti na shangazi akitoka Kenyamonta, na shangazi akasema atamchukua. Niliuliza huko atakula nini. Akasema huko atazoea.

Neno hilo, atazoea, lilinikaa. Nilielewa maana yake: angeshikwa, angenyweshwa, mpaka mwili wake ukubali au ukatae moja kwa moja. Niliomba wanipe muda mpaka mavuno. Baba mdogo akakubali, kwa sharti kwamba watarudi kuona mtoto anakula nini na amenenepa kiasi gani. Nikaenda kwa yule mama na mzigo wangu wa kuni, nikamwamkia, nikamweleza. Hakunipa pole nyingi. Alinipa mwiko. Kwa miezi minne nilifanya kazi kwenye banda lake kila asubuhi, na mchana nikarudi nyumbani na bakuli, mpaka nikaweza kupika mwenyewe. Vijana wa rika langu waliponikuta nyuma ya nyumba, mwanaume aliyekwisha tahiriwa nimechuchumaa kwenye mafiga, walifurahi sana. Mmoja aliniuliza, "Mura, kijana mzima wewe, umeolewa na nani?" Nilimjibu kwamba mahari yangu bado inajadiliwa. Mtoto alinenepa. Alianza kuita kile chakula kwa jina lake mwenyewe, na akiniona na mwiko alikuwa anakaa chini kusubiri.

Ndugu walikuja baada ya mavuno, kama walivyosema. Nilimwalika yule mama kwa sababu nilitaka waone aliyenifundisha, naye alifunga banda siku hiyo, akaja na ndoo ya viazi. Kabla hawajafika alitoka kwenda kuteka maji. Jirani yetu mmoja akapita, akachungulia kwenye sufuria, akaniuliza kama kweli nitawapa wazee wa ukoo chakula cheupe kisicho na maziwa, kama watu wasio na ng'ombe. Akaniachia kibuyu cha maziwa ya mgando. Wasomaji wangu ambao ni wafugaji watanielewa, na ambao si wafugaji nawaomba wajaribu. Sikuona aibu ya umaskini. Niliona aibu ya kuwa kama mtu asiyetoka popote. Nikamimina kikombe kimoja kwenye sufuria, nikapiga kwa mwiko. Ningeweza kwanza kuchota sehemu ya mtoto na kuiweka pembeni. Sikufanya hivyo. Nilitaka wamwone akila chakula kile kile wanachokula wao, kwenye sinia moja, mtoto wa boma kama wengine. Na ndani ya moyo wangu, kwa kuwa miezi ilikuwa imepita salama, nilikuwa nimeanza kufikiri kama shangazi. Nilifikiri labda ameshazoea.

Alikula vijiko vitatu. Midomo ilianza, kisha macho, kisha akatapika kwenye mapaja ya shangazi. Yule mama alimnyakua, akamsafisha kinywa, akamshikilia akiwa ameinama mbele, akamwambia mdogo wangu mmoja akimbie kumwita muuguzi. Mungu alisaidia, pumzi haikukatika, na alipofika muuguzi uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Ndipo baba mdogo aliposimama. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Nani ameweka maziwa?"

Kibuyu kilikuwa karibu na mafiga, kikombe kando yake. Yule mama alikitazama, akanitazama mimi. Alijua. Mimi nilifungua mdomo, na sitadai hapa kwamba nilikuwa karibu kusema. Sijui nilikuwa karibu kusema nini.

"Ni mimi," alisema. "Nilisahau."

Shangazi alimwambia mengi ambayo sitayaandika. Alimwita mtu wa kuja, akamwambia asikanyage tena pale. Baba mdogo alimpa mgongo. Alinigeukia mimi, akaniambia kosa langu ni kumwamini mgeni, na kwamba kwa kuwa mtoto ameonekana amenenepa chini ya mkono wangu, atabaki. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Kama ningesema kweli, mtoto angeondoka siku ile ile kwenda Kenyamonta. Yeye alilielewa hilo kwa muda mfupi kuliko mimi. Habari ilifika machimboni kabla yake. Wakasema yule mama huwa anawawekea watoto vitu kwenye chakula. Wachimbaji ni watu wa kuja pia, lakini wanakula pale ambapo wenyeji hawanong'oni, nao walihamia banda la pili. Katika wiki chache akafunga, akaja mjini, akawa anamenya viazi vya wauza chipsi sokoni. Huo ndio utaratibu wetu, na bado tunao. Ng'ombe akipotea, mtoto akiugua, kisima kikiharibika, kwanza tunatafuta ni nani aliyekuja karibuni. Tunawahitaji wageni watufundishe kazi, na tunawahitaji wabebe makosa yetu, na mara nyingi ni mtu huyo huyo tunayemtumia kwa yote mawili.

Nilipohamia Tarime miaka kadhaa baadaye, nilimtafuta sokoni. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya. Nilimwambia nataka kurudi kijijini niwaite ndugu, niseme yote. Hakuacha kumenya. Aliuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikamwambia la saba, na ni wa pili darasani. Aliuliza kama bado wanaweza kumchukua. Nikasema hapana, ameshakua.

"Basi hao ndugu waache, mwanangu," alisema. "Wazee wakishasema hawapendi kurudi nyuma. Mtoto ndiye umwambie. Akipata akili, mwambie sikumwekea maziwa."

Nilimwahidi. Aliniuliza kama napiga viazi kwa mkono mmoja au kwa miwili, nikasema miwili, akasema ndiyo maana vina mabonge. Nikaanza mgahawa mwaka uliofuata, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anakuja Jumamosi kuonja. Alilaumu chumvi. Hakuniuliza tena juu ya ahadi, hata mara moja, na mimi nikaanza kuhesabu kimya chake kama ruhusa.

Mdogo wangu sasa ni mwalimu upande wa Serengeti, ana mume na mtoto. Siku ya kumuaga, kabla ya harusi yake, alisimama mbele ya watu na kipaza sauti, akaeleza jinsi mimi nilivyowalea. Alisema kuna mwanamke wa machimboni aliyetaka kumuua kwa maziwa, na kwamba kaka yake alimpokonya bakuli. Sehemu ya bakuli sijui aliitoa wapi. Nadhani hadithi ikikaa na watoto inajijenga yenyewe. Watu walipiga makofi. Nilisimama, nikapokea makofi, nikapewa zawadi ya blanketi. Yule mama hakuwa amealikwa. Nilikuwa na orodha ya wageni mkononi wiki nzima, na jina lake sikuliandika, kwa sababu kumwita kungehitaji maelezo.

Jumanne ile, baada ya kupokea habari, nilimpigia mdogo wangu. Nilimwambia kuna mama mmoja amefariki, aliyekuwa akipika machimboni tulipokuwa wadogo. Akauliza, "Yule wa maziwa?" Nikasema ndiyo, yeye. Akasema Mungu amsamehe, yeye ameshamsamehe zamani. Alisema hivyo kwa upole, kama anavyosema mtu aliyelelewa vizuri. Hapo palikuwa na nafasi yote niliyokuwa nahitaji. Nikamuuliza kama mvua imefika huko.

Nimekuwa mtu wa kutegemewa kwa muda mrefu, na nimejifunza kwamba mtu wa kutegemewa anaweza kuficha kitu kikubwa kuliko mwizi, kwa kuwa hakuna anayempekua. Nimejifunza pia, wiki hii, kwamba kusema kweli mbele ya watu wengi ni rahisi. Nimeiandika hapa kwa saa mbili, na maelfu mtaisoma mkiwa mnakunywa chai. Lakini hakuna kati yenu niliyeagizwa kumwambia. Mdogo wangu hasomi safu hii. Anasema naandika mno habari za vyakula. Gari la kwenda kwake linatoka stendi kila asubuhi, nauli ninayo, na leo ni siku ya nne tangu tuzike. Bado sijaenda.