Dakika Ishirini za Mwisho

Jumapili ikifika saa tisa alasiri, kinyozi hakunyoa mtu hata kwa kubembelezwa. Ukija na kichwa chako saa tisa na dakika moja, utaambiwa kaa utazame picha au rudi kesho. Mashine zimeshafutwa spiriti, nywele zimefagiliwa pembeni, kiti cha kuzunguka kimegeuziwa runinga iliyo juu ya kabati, na watu wamebanana kwenye benchi kama njiti za kiberiti.

Benchi lenyewe lilitengenezwa na shemeji yake, seremala, mume wa dada yake mkubwa. Alilileta begani siku duka lilipofunguliwa, akaliweka, akalikalia yeye wa kwanza mwisho wa upande wa mlangoni, na tangu siku hiyo hapo pakawa pake.

Watu wale walikuwa na mwongozaji mmoja wa filamu aliyewatia wazimu. Walimpa jina Bwana Kumbe, maana kila picha yake ikifika mwisho lazima mtu ashike kichwa aseme, "Kumbe!" Kumbe mlinzi ndiye mwizi. Kumbe yule mke aliyezama hakuzama. Kumbe steringi, shujaa uliyemlilia saa nzima, ndiye adui. Wengine wakimpenda, wengine wakimtukana, na hakuna aliyekosa kuja.

Mpenzi mkubwa wa picha zake alikuwa kinyozi. "Yule anakuonyesha ukweli tangu dakika ya kwanza," alikuwa akisema. "Ni macho yako tu yako likizo."

Mpinzani mkubwa alikuwa seremala. "Ufundi gani huo, shemeji? Uniagize kabati, nilipige misumari mwezi mzima, siku ya kukukabidhi nikwambie kumbe ni kitanda. Utanisifu?"

"Kama nitalala vizuri, nitakusifu."

"Na nguo utaweka wapi, juu ya tumbo?"

Hapo benchi lote linacheka, na ubishi unaanza upya. Ulidumu miaka kumi na mmoja.

Ili ubishi uwe na haki, waliweka sheria. Kinyozi ndiye mwenye rimoti. Alikuwa akiitazama picha peke yake kabla, ili ajue pa kuisimamisha. Zikibaki dakika ishirini anabonyeza, picha inaganda, na kila mtu anataja nani na kwa sababu gani. Kinyozi mwenyewe habahatishi. Kazi yake ni kukaa na uso mkavu kama wa mtu aliye kwenye foleni. Na ole wake atakayemwambia mwisho mtu ambaye hajauona. Fundi saa wa jirani aliwahi kuropoka, akapigwa mashine katikati ya kichwa, akatembea na barabara yake utosini wiki mbili. Mkewe alipouliza, akasema ni mtindo.

Sasa, seremala hakuwahi kupata. Hata siku moja, miaka yote ile. Alikuwa akiwaza sana, anachomoa penseli sikioni, anachora ramani ya nyumba ya kwenye picha juu ya kipande cha mbao, halafu anamtaja mtu asiyehusika kabisa. Fundi saa alikuwa akisema, "Seremala akisema ni mpishi, mfungulieni mpishi aende nyumbani." Seremala akicheka na wenziwe. Ila kinyozi, aliyemjua tangu siku za kuposa, aliona kwamba kicheko kile hakikufika machoni. Kushindwa mara moja ni mchezo. Kushindwa miaka kumi na mmoja mbele ya ndugu wa mkeo ni jambo lingine.

Maradhi yalimwanza kwa uchovu. Mbao aliyokuwa akiibeba peke yake ikawa inahitaji mtu wa pili. Kisha macho yakawa ya manjano, miguu ikavimba, akalazwa. Ini, walisema. Kitanda chake kilikuwa cha nne kutoka mlangoni, chini ya dirisha ambalo halifungi sawasawa, na neno lake la kwanza kwa kinyozi siku ile lilikuwa, "Shemeji, tazama fremu ile. Aliyeipiga randa alikuwa amelewa."

Wiki ya tatu ya kulazwa ikatoka picha mpya ya Bwana Kumbe. Kinyozi akaitazama Jumamosi peke yake kama kawaida, akatikisa kichwa kwa raha mpaka mwisho. Jumapili akawaambia watu wa benchi wasubiri, wasiitazame kabla ya mgonjwa wao kurudi. Hakuna aliyebisha. Siku ileile akaazima kompyuta ndogo, akaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa.

Ilikuwa hadithi ya mwanamke anayeishi na baba yake mzee. Kaposwa, anataka kuhamia mji wa mbali. Ghafla zinaanza kuja barua zisizo na jina. Mwandishi anajua kila kitu cha nyumba ile: mlango upi unalia, mzee anakunywa dawa saa ngapi. Anatishia kuja. Mwanamke anaahirisha safari, anamshuku jirani, anamshuku mleta barua, anamshuku hata mchumba wake.

Walitazama wakigawana waya wa kusikilizia, sikio moja moja, vichwa vimegusana kama watoto. Seremala alikuwa amekonda hata shati la hospitali lilimpwaya. Lakini macho yalikuwa yale yale, yanapima, yanakata. Zilipobaki dakika ishirini, kinyozi akabonyeza.

"Haya, shemeji. Nani?"

Seremala aliitazama ile picha iliyoganda. Hakuomba penseli.

"Ni baba," akasema. "Barua anaandika baba mwenyewe. Tena nikwambie kwa nini..."

"Usieleze!" kinyozi akamkata. "Sababu utazieleza kwenye benchi, mbele ya watu."

Alimkata asije akajifichua. Seremala alikuwa amepata. Alipata moja kwa moja, bila kubahatisha, bila ramani. Neno moja zaidi na uso wa kinyozi ungesema kila kitu.

"Mbona umekauka hivyo?" seremala akauliza.

"Uso wangu ndivyo ulivyo. Muulize dada yangu."

"Nimepata, au nimekosa kama kawaida yangu?"

"Sheria unaijua."

"Hata kwa mgonjwa?"

"Mgonjwa gani? Wewe umechoka kupiga randa tu, umekuja kulala bure. Pona, urudi kwenye benchi lako. Rimoti nitakupa ubonyeze mwenyewe."

Seremala akatabasamu, akafumba macho. "Muuaji wewe," akasema.

Nje kwenye ujia, dada alikuwa amesimama ameshika chupa ya chai. Alikuwa amesikia.

"Mdogo wangu, mwonyeshe. Daktari amesema watu wa karibu wasiende mbali."

"Ndiyo maana simwonyeshi, dada. Mtu mwenye kitu anachokingoja haondoki. Atakaa akisubiri."

Aliamini alichokisema. Lakini moyo wa mtu una vyumba, na katika chumba cha nyuma palikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu. Aliposikia "ni baba", kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa furaha. Kilikuwa uchungu wa mtu anayenyang'anywa. Miaka yote hiyo yeye ndiye mwenye macho, shemeji ndiye mwenye kuchekwa. Akasema moyoni, si leo. Jumapili ijayo nitampa, mbele ya wote, kwa heshima, hata ikibidi benchi zima lije hapa kitandani. Hata wema wake ulitaka watazamaji.

Jumanne alikwenda bila kompyuta, asije akalegea. Jumatano vilevile. Jumatano seremala alikuwa haongei sana. Alimshika mkono kinyozi, akautazama kama anatafuta kitu kilichoandikwa kwenye kiganja.

"Baba, eh?" akanong'ona.

"Tutaona Jumapili, shemeji."

Alhamisi saa nne asubuhi simu ilipoita, kinyozi alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja. Alisikiliza, akasema "ndiyo" mara mbili, akairudisha simu mfukoni. Akamaliza upande wa pili. Alinyoa taratibu, akachonga pembe za paji, akapangusa shingo, akapaka poda, akamshikia kioo cha nyuma. Mteja akasema leo umenitoa vizuri kuliko siku zote. Kinyozi akamshukuru, akamfungulia mlango, kisha akaanguka kwenye kile kiti cha kuzunguka kama gunia.

Walimzika. Jumapili mbili duka halikufunguliwa. Ya tatu watu wakaja wenyewe, mmoja mmoja, wakakaa bila kubanana, wakaacha wazi mahali pa mlangoni. Kinyozi akafikiri ni wao tu, mpaka mlango ukajazwa na mtu, akainua macho: dada yake. Hakuwa amewahi kukanyaga pale siku ya Jumapili. Siku zote alikuwa akisema ni mambo ya watu wasio na kazi. Akatazama benchi, akaenda kukaa pale pa mumewe.

"Nataka kuuona huo mwisho wenu," akasema.

Picha ikawekwa tangu mwanzo. Hakuna aliyetania. Dakika ishirini za mwisho zilipofika, mkono wa kinyozi ukabonyeza kwa mazoea. Watu wakataja: jirani, mchumba, mleta barua. Fundi saa akauliza kwa sauti ya chini, "Na marehemu, alimtaja nani?"

"Alisema ni baba," akajibu kinyozi.

Fundi saa akatikisa kichwa, akacheka kwa huzuni. "Maskini ndugu yetu. Mpaka mwisho kakosa. Mzee wa watu mgonjwa, anahusika na nini?"

Kinyozi akaiachia picha.

Na pale mbele yao, baba mzee akafunga mlango wa chumba chake, akakaa mezani, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika. Binti yake akawa amesimama nyuma yake. "Ningekwambia nini?" mzee akamwambia. "Nikuambie naogopa kubaki peke yangu? Ungenihurumia, halafu ungeondoka."

Hakuna aliyeshika kichwa. Hakuna aliyesema lile neno lao. Fundi saa alivua kofia, akaiweka gotini. Picha ikaisha, majina yakapanda kwenye kioo cha runinga hadi la mwisho.

"Wewe ulijua," dada akasema. Hakuwa akiuliza.

"Nilijua."

"Alipokwambia pale kitandani, ulijua amepata."

"Nilijua, dada."

"Maana ulipoondoka aliniambia, 'Ndugu yako hajasema kitu, kwa hiyo nimekosa tena.' Jumatano pia. Alisema, 'Basi tena, mke wangu, hizi picha si za akili yangu.'"

Kinyozi alifungua mdomo amwambie habari za kungoja, kwamba alikuwa akimfunga kwa kamba ya Jumapili asiondoke. Maneno yalikuwepo. Akaona yakisimama mbele ya dada yake yangekuwa uongo nusu, na nusu hiyo ingekaa katikati yao maisha yote.

"Sikutaka anishinde," akasema. "Nilitaka apone, Mungu anajua. Lakini na hilo lilikuwepo."

Benchi lote likatazama sakafu. Dada hakupiga kelele. Alikaa akipitisha kidole kwenye ukingo wa mbao, mbele na nyuma.

"Irudishe nyuma," akasema hatimaye. "Nionyeshe pale ambapo mtu mwenye macho angejua."

Kinyozi akairudisha hadi mwanzo mwanzo, dakika ya sita. Binti anatandaza ramani ya mji anakokwenda, anamwonyesha baba nyumba atakayokaa. Baba anatabasamu. Lakini chini ya meza, kwa muda wa kupepesa jicho, mkono wake wa kushoto umeshika pindo la nguo ya binti, umelikunja, hauliachii.

"Hapa," akasema kinyozi.

Dada akautazama ule mkono kwa muda mrefu.

"Ni hapa ndipo alipoona?"

"Sijui, dada," kinyozi akasema. "Alitaka kunieleza. Nilimkataza."