Chenga Zilizovuka Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ghalani kabla ya funguo. Nilikuwa nimehesabu dakika za kutembea kutoka nilikopanga Ifakara mjini, nikaziongeza mara mbili kwa kuhofia matope, kisha nikaongeza nyingine kwa kuhofia kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa na kosa. Mlinzi alinidhani mteja wa pumba. Akaniambia kwa upole kwamba pumba zimeisha, nirudi Alhamisi.

Ninaandika haya kwa ajili yako utakayekalia kiti cha Afisa Masoko wa ushirika wetu wa wakulima wa mpunga. Sijastaafu kwa umri, maana sijafika hata miaka thelathini. Lakini baada ya misimu mitatu mkataba wangu umekwisha, ushirika mwingine wa Malinyi umeniita nikaufungulie ofisi kama hii, na Mwenyekiti amesema mtu akitoka kwenye kazi anaacha maneno yake, awe na mvi au asiwe nazo. Nimeyaandika mara nne. Hii ni ya tano, na nimejikataza kuandika ya sita.

Aliyenipokea ni Meneja, mtu wa maneno machache aliyeanza kazi akiwa mpima mizani. Nilimwamkia, akaitikia, nikamkabidhi cheti changu cha chuo kikiwa ndani ya bahasha mbili. Alikisoma chote, hata mgongoni ambako hakuna kitu, akakifungia kabatini. Kisha akaniwekea mkononi bambo.

Bambo ni kipande cha chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma kwenye gunia lililoshonwa, na mchele unateremka kwenye mfereji hadi kiganjani mwako bila kufungua gunia. Unachoma juu, katikati na chini, kwenye magunia ya mbele na ya nyuma, kisha unachanganya. Huo mchanganyiko ndio sampuli. Wakulima wetu ni waungwana, lakini gunia lolote duniani hupendeza zaidi mdomoni kuliko tumboni.

"Sampuli ni ahadi," Meneja aliniambia siku hiyo. "Unachomwonyesha mnunuzi ndicho atakachokudai."

Nililiandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Utaona baadaye lilinisaidia kiasi gani.

Wakati huo wanachama wetu waliuza mchele kwa wenye malori wanaofika bondeni wakati wa mavuno, wakati kila nyumba inauza na bei iko chini. Bodi ilitaka tutafute soko nje ya nchi. Reli inapita hapa hapa Ifakara na kuendelea hadi Zambia, kwa hiyo macho yote yalielekea huko. Mwenyekiti, mzee aliyelima bonde hili tangu mafuriko ambayo sisi tunayasikia kwenye hadithi, aliniita mbele ya wajumbe akanieleza masharti bila kuzunguka. Ofisi yangu ilikuwa ya msimu mmoja wa majaribio. Nisipopata mnunuzi wa nje kabla ya mavuno yajayo, kiti kinaondoka na chumba kinarudi kuwa stoo ya magunia.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Nilijifunza habari za kibali cha kusafirisha mazao, cheti cha afya ya mimea kinachothibitisha kwamba mchele hauna wadudu, na cheti cha uasili kinachoonyesha ulikolimwa. Niliandaa dodoso, kama tulivyofundishwa chuoni, lenye maswali ya bei, ujazo, vifungashio na washindani. Nilifikiria viatu vya kuvaa, salamu za kutoa, na nitasema nini nikiulizwa swali nisilolijua. Sampuli niliichukua kwa bambo kama nilivyofundishwa, mchele wa daraja la pili ambao ndio tuliokuwa nao kwa wingi. Kisha nikawapelekea akina mama wa kikundi cha kijiji cha Mkula, wanaotufungashia mchele kwenye mifuko midogo ya kuuzwa kando ya barabara, waitie kwenye mifuko ya kilo moja moja.

Kiongozi wao ni Mama Apolonia. Alipokea mchele, akauliza unakwenda wapi. Nikamwambia unakwenda Zambia, kwa wageni. Baada ya siku mbili alinikabidhi mifuko imeshonwa vizuri, akanibariki, nami nikapanda treni. Katika yote niliyoyahofia, sikuwahi kuwaza kuangalia ndani ya mifuko.

Niliifungua mara ya kwanza mjini Kasama, dukani kwa Mama Bwalya, mfanyabiashara wa nafaka anayejua Kiswahili kwa sababu ya miaka mingi ya kununua bidhaa mpakani Tunduma. Alimwaga mchele kwenye sinia. Nikauona. Punje zote zilikuwa nzima. Hapakuwa na chenga hata moja, yaani zile punje zinazovunjika wakati wa kukoboa, ambazo daraja la pili huwa nazo nyingi. Akina mama wa Mkula walikuwa wamekaa na nyungo zao siku mbili, wakachambua punje kwa punje, kwa sababu kwetu mchele wa mgeni huchambuliwa. Hawakukusudia kudanganya mtu. Waliniheshimu mimi na walimheshimu yule wasiyemjua.

Mama Bwalya alipitisha kidole kwenye sinia.

"Dada, nani amekuchagulia huu mchele?"

Nilikuwa nauona mlango wa stoo ya magunia. Nikikubali kwamba sampuli haifanani na mzigo, nimerudi mikono mitupu. Nikisema mashine yetu inatoa mchele wa namna hii, nitaondoka na oda, na behewa la kwanza litakapofunguliwa ushirika mzima utaitwa mwongo. Niliwaza pia njia ya tatu na ya nne, lakini hizo hazifai kuandikwa.

"Akina mama wa kijijini," nikasema. "Wamechambua kwa mkono. Gunia haliko hivi."

"Lina chenga?"

"Lina chenga, mama. Nyingi."

Alicheka hadi akakaa juu ya ndoo. "Sasa chenga zangu mmeziacha kwa nani?"

Sikuelewa. Akaniambia nirudi kesho yake asubuhi, nisinywe chai nilikolala. Niliporudi alinipeleka kwa majirani zake watatu, nyumba hadi nyumba. Kote huko mchele ulikuwa jikoni, umechemshwa hadi ukalainika, umetiwa sukari na karanga zilizotwangwa, watoto wanakula kwa vijiko kabla ya shule. Mchana na jioni wanasonga ugali, kwa jina lao nshima. Mchele kwao ni chakula cha asubuhi. Chenga zinaiva upesi, zinalainika vizuri na hazimalizi mkaa.

"Mchele mzuri namuuzia mtu siku ya harusi," Mama Bwalya aliniambia tukirudi. "Wa asubuhi nauza kila siku. Niletee wa asubuhi. Na ungeniambia magunia yote yako kama kile kimfuko, usingeniona tena. Nimeshauziwa sura na wengi."

Nilisafiri kurudi nikiwa na oda ya behewa moja la mchele wa daraja la pili pamoja na chenga zake zote, wa mavuno mapya, ule ambao kwetu tunaulaumu kwamba ukipikwa unashikana. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe nilikuwa nimebakiza nusu ngumu.

Mkutano wa wanachama ulifanyika ghalani. Nilipomaliza kueleza, watu walinitazama kama niliyewatukana. Mmoja aliuliza kama chuo kilinifundisha kuuza makapi. Mwingine akasema huko Zambia watasema sisi Wandamba na Wapogoro wa bonde hili tunakula mchele na kuwapelekea majirani chakula cha kuku. Watu walicheka, si kwa furaha. Mama Apolonia aliangalia mikono yake, na hilo liliniuma kuliko kejeli zote, maana nilikuwa nimesema hadharani kwamba kazi yake ya siku mbili haikuhitajika.

"Mwanangu," Mwenyekiti akasema, "tumekusikia. Lakini mgeni hapewi chenga. Chenga ni za kuku na za vitumbua. Bora tusiuze."

Nilikuwa na takwimu zangu kwenye karatasi. Sikuzisoma. Nilikuwa pia na karanga za kutwanga, kwa sababu katika kuwaza kwangu mambo yote yanayoweza kuharibika nilikuwa nimewaza na hili. Nikamwomba Mama Apolonia, kwa heshima, atupikie chenga kama nilivyoona kwa majirani wa Mama Bwalya. Alisita, akasimama. Alipika nje ya ghala kwa mkaa kidogo, na zikaiva kabla wajumbe hawajamaliza kugombania agenda inayofuata. Akatia sukari na karanga, akaonja yeye kwanza. Akaonja tena.

"Huu si wali," akasema. "Lakini ni chakula." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mzee, mgeni akija kwako, unampa unachopenda wewe au anachopenda yeye?"

Mzee alipokea bakuli na kijiko. "Anachopenda yeye," akasema.

"Basi huyu anapenda chenga."

Mwenyekiti alikula, akakwangua bakuli. Kisha akatoa uamuzi ambao hadi leo ndio kanuni ya mzigo wetu wa nje, nawe utaulinda: chenga ziende, lakini jiwe hata moja lisiende. Kikundi cha Mkula kiliajiriwa kupepeta mzigo wote na kuondoa mawe, na chenga ziliachwa zilivyo. Nilipochoma bambo kwenye magunia yale kabla ya kupakiwa stesheni, juu, katikati na chini, kila kiganja kilifanana na mwenzake. Nilirudia mara nyingi hadi Meneja akaninyang'anya bambo.

Mama Bwalya alipokea behewa, akafungua magunia aliyoyachagua mwenyewe, akanipigia simu. Hakunisifu. Aliuliza la pili linaondoka lini. Nilikwenda kumwambia Mwenyekiti, na yeye akaenda kwenye mlango wa chumba changu, akauangalia, akasema tuupake rangi.

Tangu hapo tumepeleka mchele Kasama kila msimu. Nimeona makosa mengine, nimekosea mikataba, nimepoteza mzigo mmoja kwa kuchelewa na cheti cha afya ya mimea. Utayakuta yote kwenye mafaili, sikuficha hata moja. Sijaacha kuwa na hofu. Nimejifunza tu kwamba hofu inafaa kutumwa mapema, iende ikachungulie ndani ya mfuko, badala ya kubaki nyumbani ikipiga pasi nguo za safari.

Mwezi uliopita mfanyabiashara kutoka Kongo alitutumia ujumbe akitaka kujua habari zetu. Niliusoma mbele ya wajumbe. Nikafungua dodoso langu la kurasa nyingi, lile la chuoni, nianze kueleza tutamuuliza nini juu ya bei na ujazo. Mama Apolonia, ambaye sasa ni mjumbe wa bodi, aliinua mkono.

"Binti, kabla ya hayo yote. Hao watu wa Kongo, wali wanaula saa ngapi? Na wanaula na nini?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuanza na swali jingine. Nilipitia kurasa zangu zote pale pale. Swali hilo halikuwamo.

Dodoso jipya liko mezani kwako. Ameliandika Mama Apolonia, mimi nimepiga chapa.