Nilikimbilia wingi wa core, mafuriko ya Kamsamba yakaniwahi

Wakuu, salaam. Hili nimelikalia muda mrefu kwa aibu. Leo nalimwaga lilivyo, hata pale linaponichoma mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Tunduma. Nasoma pia masters, na kazi yangu ilikuwa simulation ya mafuriko ya mto Momba, kule bondeni Kamsamba. Unaingiza mvua na sura ya ardhi, programu inakokotoa maji yatafika wapi. Haina vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwenye terminal, lile dirisha la maandishi matupu, unasubiri.

Dada yangu ameolewa kule na mfugaji, shemeji Masanja. Zizi lake liko jirani na mto. Alitaka kuhamishia mifugo mwinukoni, ila kule ni mashamba ya watu, na wakulima walisema hawampishi bila ushahidi.

"Shemeji, nipe hiyo ramani yako tu, niende nayo kwenye kikao."

Nikamwahidi.

Laptop yangu ilikuwa inazidiwa, nikaenda kwa jamaa anayeuza kompyuta za mtumba karibu na mpaka. Akanionyesha server ya zamani: prosesa mbili, ndani yake core, yaani viini vya kukokotoa, ishirini na nne. Mate yakanitoka.

Jamaa mwenyewe akasema, "Mwalimu, lete programu yako kwenye flash tuijaribu kwanza."

Nikacheka. Nikamwambia core ni core, nikalipa, nikaibeba.

Ujinga wangu wote uko hapo, wakuu. Mtu alinipa nafasi bure.

Nafika nyumbani, naandika amri, napiga enter. Jibu: Illegal instruction. Basi.

Prosesa ilikuwa ya kizazi cha nyuma, haijui maagizo ya AVX2 ambayo programu ilijengwa kuyatumia. Ningeandika lscpu, amri inayoorodhesha uwezo wa prosesa, pale dukani ningeliona hilo papo hapo.

Nikaanza kui-compile upya, yaani kuijenga programu tangu mwanzo iendane na prosesa hiyo. Wiki mbili za makosa matupu. Ilipokubali ikawa inajikokota, core zote zinagombea RAM kama malori kwenye geti la mpakani.

Mvua nayo ikaanza.

Shemeji anapiga kila asubuhi. "Mashine imesemaje?" Namwambia kesho.

Maji yaliingia zizini hesabu ikiwa bado inaendelea. Watu walipona. Ndama kumi na mmoja walikwenda na maji, na mpunga wa dada wote.

Siku tatu baadaye ramani ikatoka. Barabara ilipopitika nikampelekea shemeji kwa pikipiki, hata sijui kwa nini. Rangi ya bluu ilikuwa imelifunika zizi lake lote.

Aliweka kidole pale penye zizi.

"Kumbe ilijua," akasema, akanirudishia. Hajanipigia tena.

Wakuu, kabla hujanunua prosesa, endesha kazi yako halisi juu yake, dukani, muuzaji akiwa amesimama pale. Usidanganywe na namba ya core. Na usimwahidi mtu jibu la mashine ambayo hujaijaribu.

Wenye uzoefu na server za mtumba, semeni. Mwenye tusi pia alete, langu mwenyewe halijanitosha.