Soko la Nyanya

Mwaka huu nilirudi Uriri nikitokea Homa Bay, ninakoishi siku hizi, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa kibao cha soko. Nilisimama mbele yake na mkoba wangu, nikakikodolea macho. Mimi, rafiki yangu, ni mtu wa kushuku. Nikiuziwa maziwa huyanusa, na nikisalimiwa kwa bashasha nyingi hujiuliza natakiwa nini. Ugonjwa huu niliupatia hapo hapo, utotoni, na ukinisikiliza utaona kwamba sikuupata bure.

Pale penye kibao palikuwa na chemchemi. Kwa Kijaluo chemchemi tunaiita soko, na kwetu ilikuwa hiyo moja tu, kwa hivyo haikuhitaji jina lingine. Watu walikuja hata kutoka pande za Ogwedhi kuomba mvua, watoto au afya. Ulivua viatu kwenye kichaka cha kwanza, ukaweka punje za wimbi juu ya jiwe, kisha ukateka kwa kibuyu, maana chombo cha chuma kilikatazwa. Maji yenyewe yalikuwa baridi ya kuuma meno, na yalikuwa na ladha ya majani mabichi.

Nyanya, aliyenilea, alikuwa Msabato. Jumamosi tulishinda kanisani na kula mahindi na maharagwe yaliyochemshwa tangu Ijumaa. Halafu Jumapili asubuhi, Wakatoliki wakiwa misani na Wasabato wenzake wakiwa mashambani, alinishika mkono tukateremka kwenye soko kwa njia ya kuzunguka. Hapo aliinama mpaka pua ikakaribia maji, akanong'ona. Nilimshuku, nakwambia kweli. Nilikuwa nimesikia maneno ya watu kuhusu vikongwe wanaoongea na maji, na kwa muda nilikunywa uji wake nikiuchunguza kwanza.

Jumapili moja nilisogea karibu nikasikia. Alikuwa akiita jina la mwanawe. Baba yangu mdogo alipotelea kwenye mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi akiwa mdogo hata jina la kijiji hajalijua, na watu walisema alionekana akifuata wachungaji waliokuwa wakielekea Ntimaru, kwenye mpaka wa Tanzania. Alikuwa mtoto ambaye ukimuuliza kwao ni wapi, alijibu kitu kimoja tu, kwamba ni karibu na soko.

"Uso wangu anaweza kuusahau," nyanya aliniambia. "Lakini soko ataiuliza. Ikiwepo, atafika."

Tangu siku hiyo niliacha kuuchunguza uji, nikawa naita pamoja naye.

Kisha ikaja ile baraza kwenye uwanja wa shule. Ofisa wa ardhi, mgeni asiyejua Kijaluo, alitaka kujua kipande cha ardhi ya umma kule bondeni tungependa kifanyiwe nini. Mkalimani alikuwa jirani yetu, mtu wa Kiswahili kitamu na tabasamu tamu zaidi. Nyanya hakumwamini hata chembe. Alisema mtu yule akikutafsiria salamu, huenda ikafika ikiwa matusi. Kwa hivyo zamu yake ilipofika alikataa kutafsiriwa. Alisimama, akakaza leso kiunoni, akatafuta kile Kiswahili chake kidogo cha kuuzia mboga.

"Bwana mkubwa, ile pahali ya chini ni soko. Soko ya watu wote, toka zamani. Usipatie mtu moja. Sisi tunataka soko yetu ikae."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Ofisa naye akapiga, akasema amesikia: wananchi wanataka soko, na soko watapata. Tukapiga tena! Wengi wetu tulijua Kiswahili, ila siku ile tulikuwa tumesikiliza kwa masikio ya nyumbani. Kusikia pande zote mbili ilikuwa kazi ya mtu mmoja tu, na mtu huyo, ninamkumbuka vizuri, alikuwa akitazama viatu vyake.

Trekta lilipokuja kumwaga mawe na udongo wa murram, wanawake walikimbia bondeni wakipiga mayowe. Waliambiwa kwamba waliomba wenyewe, na mbele ya watu. Mabanda yakajengwa. Jirani yetu akapata kiwanja cha pembeni, kizuri kuliko vyote, akafungua duka. Huenda ilikuwa bahati yake, lakini mimi sijawahi kuiamini bahati ile. Mvua ikinyesha, maji hutokeza chini ya meza za dagaa wa omena mpaka leo, na wauzaji huyalaani.

Nyanya alikufa miaka michache iliyopita. Basi mwaka huu niliingia kwenye duka hilo kununua sukari, na jirani, ambaye sasa ni mzee, akanichangamkia kupita kiasi. Huku akipima sukari akanipigia hadithi ya kuchekesha.

"Kuna jamaa alikuja hapa, nyanya yako akiwa bado mzima. Mtu wa ng'ombe, anaongea Kiswahili ya Tanzania. Akaniuliza, 'Soko liko wapi?' Nikamwambia, 'Ndugu, si uko ndani yake?' Akaangalia mabanda, akaangalia huko juu kwa mlima, akauliza tena. Watu walicheka! Halafu akaenda zake."

Niliuweka mkoba wangu juu ya kaunta.

"Mzee, hukumuuliza ni soko gani?"

Akafunga pakiti ya sukari polepole.

"Aliuliza na Kiswahili," akasema bila kunitazama. "Nikamjibu na Kiswahili."

Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa wazi, na kutoka kaunta niliona ua wa nyanya pale mlimani, karibu kiasi kwamba mtu akiita anasikika. Kile kichaka cha kuvulia viatu hakipo tena, na wanaojua kwamba soko iliwahi kuwa maji wanazidi kupungua. Hayo yananiuma, lakini nayavumilia. Kisichonitoka ni kwamba siku ile nyanya alikuwa huko juu, hai, pengine anachambua maharagwe, akisubiri kuulizwa. Nimewashuku watu maisha yangu yote nikiogopa kudanganywa. Huyu mzee ndiye wa kwanza ambaye naomba kwa Mungu awe amenidanganya.