Majibu ya Kipimo Nisichopima

Majibu ya kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi yaliingia kwenye simu yangu, na mimi sikuwa nimepima kitu.

Msinicheke. Nimalize kwanza.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona na wifi yangu, dada wa mume wangu, kwenye chumba cha mbele nyumbani kwa mama yao. Siku moja nesi akaja na vifurushi viwili. Ndani kuna kijiti chenye brashi na kichupa. Kila kichupa akakiandika namba ya simu ya mwenyewe.

"Siku hizi hakuna kupanda kitandani miguu juu," akasema. "Unajipima mwenyewe hapo nyuma ya pazia. Majibu yanakuja kwa simu."

Pazia lenyewe ndilo lile la wateja kujaribia nguo. Nikaona siwezi.

Nesi alipotoka tu, nikamsukumia wifi kifurushi changu.

"Jaza vyote wewe, bibi wee. Kwa mwoga huenda kicheko."

Akaguna, akachukua. Kesho yake nesi akaja kubeba vichupa, akanisifu. Nikapokea sifa bila haya.

Wiki mbili sikutulia, nikihofia uongo wangu utafichuka. Gauni la mteja nililikatia mikono miwili ya kushoto.

Kisha simu zetu zikalia pamoja. Ujumbe uleule kwake na kwangu: kirusi kinacholeta saratani hiyo kimeonekana, fika kliniki.

Basi vyote ni vyake! Nikamkumbatia huku nalia.

"Wifi yangu, nisamehe. Utapona."

Akanitoa mikono. Uso umemsawijika.

"Si mimi. Na mimi niliogopa. Vyote nilimpa mama."

Tukageuka. Mama mkwe yupo mlangoni na kopo lake la vifungo.

"Nesi aliniambia umri wangu umepita orodha yao," akasema. "Nilitaka kujua. Nyie mnapewa, mnakimbia."

Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Kliniki wakamchunguza. Daktari akasema kuna sehemu imeanza kubadilika, haijawa saratani, wanaiondoa Alhamisi. Mama akaitikia kwa kichwa, akauliza kama Ijumaa anaweza kufua. Waliokuwa wanatetemeka ni sisi wawili.

Nesi akatuwekea mapajani vifurushi vipya.

Nikamtazama mama.

"Usinitazame," akasema. "Leo sijazi cha mtu."

Kicheko cha mwoga nimekionja, ndugu zangu, ni kichungu. Kipimo wamekirahisisha hadi nyuma ya pazia, lakini kuingia ni kwako mwenyewe. Ukipewa chako, jaza chako.

Mimi nimejaza. Sasa kila simu ikilia, naruka.